Sheria za poka, aina moja baada ya nyingine

Poka ni jina la ukoo mzima wa michezo ya karata, na ndugu wa ukoo huu wanafanana sura kiasi cha kukuponza. Anayehamia Omaha kutoka Texas Hold'em kwa kawaida hupoteza kwa kosa lile lile: yuko mezani kwa Omaha, lakini bado anahesabu karata kwa sheria za mchezo aliotoka. Kwa hiyo usijifunze kila aina upya kuanzia mwanzo, na usidhani pia kwamba ukijua moja umezijua zote. Jifunze msingi mara moja, kisha kila aina mpya iulize maswali sita:

- Kila mchezaji anapata karata ngapi, na ngapi kati ya hizo zinaonekana na wote?
- Kuna kubadilisha karata au hakuna?
- Mkono wa mwisho unajengwa kwa karata zipi?
- Nani analipa kwa lazima, na nani anaanza kusema?
- Dau lina kikomo gani?
- Fungu, yaani madau yote yaliyokusanywa mezani, linachukuliwa na mkono wa juu, wa chini, au linagawanywa?

Ukiweza kuyajibu yote sita bila kutazama popote, uko tayari kukaa mezani. Likikushinda hata moja, bado.

Vifaa ni vichache: pakiti moja ya karata 52, jokari zimetolewa, na chipu za kuhesabia madau. Usipokuwa na chipu tumia vifungo vya nguo au vijiti vya kiberiti. Wakati wa kujifunza usiweke pesa kabisa. Mwenye pesa mezani huona haya kuuliza swali la kitoto, na maswali ya kitoto ndiyo yanayofundisha. Mkija kucheza kwa pesa, hakikisheni kwanza kwamba sheria ya mahali mlipo inaruhusu.

Hatua ya 1: Ngazi ya mikono

Mkono wa poka ni karata tano, hata mchezo ukikupa saba au tisa za kuchagulia. Karata zina aina nne: shupaza, kopa, uru na pau. Ngazi hii, kutoka juu kwenda chini, inatumika katika karibu michezo yote ya mkono wa juu. Namba iliyo mwishoni ni idadi ya mikono ya namna hiyo katika mikono 2,598,960 inayoweza kutoka kwenye pakiti.

1. Mfululizo wa aina moja, mfano 5-6-7-8-9 zote za pau: 40. Ndani yake mna ile minne inayoanzia kumi hadi ree (karata ya A), ambayo hakuna wa kuishinda.
2. Nne sawa, mfano malkia wote wanne na karata nyingine yoyote: 624.
3. Fulhausi, yaani tatu sawa na jozi: 3,744.
4. Flashi, yaani tano za aina moja zisizofuatana: 5,108.
5. Mfululizo wa aina mchanganyiko: 10,200.
6. Tatu sawa: 54,912.
7. Jozi mbili: 123,552.
8. Jozi moja: 1,098,240.
9. Karata ya juu tu: 1,302,540.

Usiikariri kama shairi. Zitazame namba: mkono mgumu kupatikana ndio mkubwa, basi. Anayesahau kama flashi inashinda mfululizo akumbuke kwamba flashi ni nusu tu ya mifululizo.

Wanaoanza hujikwaa mahali panne. Kwanza, flashi ni aina moja, si rangi moja. Kopa na uru zote ni nyekundu lakini hazichanganywi. Pili, ree hukaa juu ya mfalme (10-J-Q-K-A) au chini ya mbili (A-2-3-4-5), ila haiwezi kukaa katikati. Q-K-A-2-3 si mfululizo, ni takataka tu. Tatu, mikono ikilingana, karata zilizobaki pembeni ndizo zinazoamua: jozi ya 9 yenye ree pembeni inaishinda jozi ya 9 yenye malkia. Nne, aina haziamui sare. Shupaza haiko juu ya kopa. Karata zote tano zikilingana kwa namba, fungu linagawanywa.

Zoezi: gawa mikono mitano ya karata tano kifudifudi, ifunue yote, kisha uipange kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Rudia mpaka usisite. Ukisita hapa, kila hatua inayofuata itakuwa nzito.

Hatua ya 2: Lugha ya madau

Mchezo huenda kushoto, kwa mwelekeo wa saa. Zamu yako ikifika na hakuna aliyeweka dau, unaweza kupita au kufungua dau. Dau likishawekwa, njia zako ni tatu: kufuata, yaani kuweka kiasi kile kile, kupandisha, au kujitoa, yaani kutupa karata na kuachana na fungu. Kupita si kujitoa, na wageni huchanganya haya mawili. Kama hakuna dau mbele yako, usitupe karata. Unatupa kitu cha bure.

Raundi ya dau inaisha pale ambapo kila aliyebaki amepata zamu na wote wameweka kiasi sawa.

Vikomo vya dau ni vya namna tatu. Kwenye dau maalumu, kiasi kimepangwa. Tuseme 10 na 20: raundi za mwanzo unafungua na kupandisha kwa 10, za mwisho kwa 20, na mara nyingi huruhusiwi zaidi ya dau moja na nyongeza tatu kwa raundi. Kwenye dau bila kikomo unaweza kusukuma chipu zako zote wakati wowote, lakini nyongeza isiwe ndogo kuliko nyongeza iliyotangulia. Kama dau la lazima ni 2 na mtu akapandisha hadi 6, ameongeza 4, kwa hiyo anayetaka kupandisha tena aanzie 10. Kwenye dau la kikomo cha fungu, nyongeza kubwa kabisa ni sawa na fungu lilivyo *baada ya* wewe kufuata.

Hili la mwisho ndilo linalowatoa watu jasho, kwa hiyo tulipigie hesabu. Fungu lina 100. Jirani anaweka 50. Ukifuata kwanza kwa 50, fungu linakuwa 200. Basi unaruhusiwa kuongeza 200 juu ya hiyo 50, jumla 250. Njia ya mkato: zidisha dau la mwisho mara tatu, kisha jumlisha na kilichokuwemo kabla ya dau hilo. 50 × 3 + 100 = 250.

*Fungu la pembeni.* Mchezaji aliyeishiwa chipu hatolewi. Anabaki akishindania kile tu alichoweza kulingana nacho. Tuseme Asha ana 30, Juma 80 na Neema 200, na wote wanasukuma chipu zote. Fungu kuu ni 30 kutoka kwa kila mmoja, yaani 90, na wote watatu wanalishindania. Fungu la pembeni ni 50 ya Juma na 50 ya Neema, yaani 100, na Asha hana chake humo hata akiwa na mkono mkubwa kuliko wote. Zile 120 zilizobaki anarudishiwa Neema kabla karata hazijafunuliwa. Anzeni kuamua fungu la pembeni, ndipo mje kwenye fungu kuu. Mkifanya kinyume mtabishana.

Kuna sheria mbili za adabu ambazo kweli ni sheria. Huruhusiwi kuweka dau kwa vipande, yaani kusukuma chipu za kufuata, ukatazama nyuso za watu, kisha ukaongeza nyingine. Tamka kwanza, au sukuma zote kwa mkono mmoja. Na ukitupa chipu moja kubwa mbele ya dau bila kusema neno, inahesabiwa kuwa umefuata tu, hata kama moyoni ulikusudia kupandisha.

Hatua ya 3: Poka ya kubadilisha karata

Anzia hapa, hata kama mchezo unaoutamani ni mwingine. Una sheria chache kuliko yote na unakuzoesha madau kabla karata za mezani hazijaanza kukuchanganya.

1. Kila mmoja anaweka kiingilio, mfano chipu 1.
2. Mgawaji anachanga karata, aliye kulia kwake anakata, kisha kila mtu anapewa karata tano kifudifudi, moja moja.
3. Raundi ya kwanza ya dau, kuanzia kushoto kwa mgawaji.
4. Kila aliyebaki anatupa karata asizotaka na kupewa idadi hiyo hiyo. Anaweza kubaki nazo zote.
5. Raundi ya pili ya dau.
6. Waliobaki wanafunua.

Kwenye kubadilisha, mwenye jozi abaki nayo na kubadilisha tatu: nafasi ya mkono kuwa bora ni karibu 29 kwa 100. Mwenye nne za aina moja akibadilisha moja anapata flashi mara 9 kati ya 47. Anayesubiri mfululizo ulio wazi pande zote mbili, kama 6-7-8-9, ana karata 8 za kumwokoa kati ya 47. Anayesubiri karata ya katikati, kama 6-7-9-10, ana 4 tu. Tofauti hiyo ni mara mbili kamili, na watu huichukulia kana kwamba haipo.

Kinachoharibika: wakiwa sita na kila mmoja abadilishe tatu, karata 48 zimeshatoka. Wakizidi hapo, pakiti inaweza kuisha katikati ya kubadilisha. Changeni zilizotupwa, bila kugusa za anayebadilisha wakati huo, kisha mwendelee kugawa.

Hatua ya 4: Texas Hold'em

Huu ndio unaochezwa zaidi duniani leo. Bunge la jimbo la Texas lilitambua rasmi mwaka 2007 kwamba ulizaliwa Robstown, mji mdogo wa jimbo hilo, na kwa miongo mingi umekuwa mchezo mkuu wa mashindano ya World Series of Poker, yaliyoanza Las Vegas mwaka 1970.

Hakuna kiingilio cha kila mtu. Mbele ya mgawaji huwekwa alama, na alama hiyo husogea kushoto kila mkono mpya. Wa kwanza kushoto kwake anaweka dau dogo la lazima, wa pili dau kubwa la lazima. Kwa kujifunza wekeni 1 na 2, na kila mmoja aanze na chipu 200.

1. Kila mtu anapata karata mbili za siri.
2. Raundi ya kwanza ya dau. Anaanza aliye kushoto kwa dau kubwa. Wa mwisho kusema ni mwenye dau kubwa, na hata kama wote wamefuata tu, bado ana haki ya kupandisha. Usimruke.
3. Mgawaji anachoma karata moja, yaani anaiweka kando kifudifudi, kisha anafunua tatu mezani. Hizi huitwa flopu. Raundi ya pili ya dau.
4. Anachoma moja, anafunua ya nne. Raundi ya tatu.
5. Anachoma moja, anafunua ya tano, iitwayo riva. Raundi ya nne.
6. Kufunua.

Kuanzia flopu, anayeanza kusema ni wa kwanza aliyebaki kushoto kwa alama. Kwa hiyo mwenye alama husema mwisho raundi zote hizo, na ndiyo maana nafasi yake inaonewa wivu.

Mkono wako ni tano bora kati ya saba: mbili zako na tano za mezani. Unaweza kutumia zako mbili, moja, au usitumie yoyote. Hapo "usitumie yoyote" pana mtego. Mezani pana 10-10-8-8-A. Wewe una 4-4, mwenzio ana Q-J. Mgeni atasema ana jozi tatu. Jozi tatu hazipo kwenye poka. Mkono wa kila mmoja ni 10-10-8-8-A, ule ule wa mezani, na fungu linagawanywa nusu kwa nusu.

Mkiwa wawili tu sheria inageuka: mwenye alama ndiye anayeweka dau dogo. Anaanza kusema kabla ya flopu, na anasema mwisho baada yake. Karibu kila meza mpya hukosea hapa siku wachezaji wanapopungua hadi wawili.

Karata moja ya siri ikifunuka kwa bahati mbaya wakati wa kugawa, malizeni kugawa, aliyefunuliwa apewe nyingine, na ile iliyofunuka iwe ya kuchomwa. Zikifunuka mbili au zaidi, changeni upya.

Hatua ya 5: Omaha

Mpangilio ni ule ule wa Hold'em: madau mawili ya lazima, flopu, karata ya nne, riva. Mabadiliko ni matatu. Unapewa karata nne za siri badala ya mbili. Dau kwa kawaida ni la kikomo cha fungu. Kwa madau ya 1 na 2, wa kwanza kusema anaweza kupandisha hadi 7, si zaidi. Na badiliko la tatu ndilo linalobeba mchezo wote: lazima utumie mbili kamili za mkononi na tatu kamili za mezani. Si moja, si tatu, si nne.

Mezani pana K, 9, 6 na 3 za kopa, pamoja na 8 ya pau. Mkononi una ree ya kopa, ree ya shupaza, J ya uru na 10 ya pau. Kwa Hold'em ree ya kopa peke yake ingekupa flashi kubwa kuliko zote. Hapa una kopa moja tu mkononi, kwa hiyo huna flashi. Una jozi ya ree. Mwenye 4 na 2 za kopa, ambazo kwenye Hold'em ungezidharau, amekushinda kwa flashi ya K-9-6-4-2.

Kinyume chake pia kinauma. Ukipewa 9-9-9-2, zile tatu sawa si zawadi. Utatumia mbili tu, na ya tatu ni karata uliyojizuia mwenyewe kuipata mezani.

Kuna njia moja ya kusoma mkono wa Omaha ambayo haikudanganyi. Karata nne zinatoa jozi sita za kuchagua. Zitaje kimoyomoyo moja moja, na kwa kila jozi tafuta tatu za mezani zinazoipendeza. Mwanzoni ni polepole na wenzako watakunja nyuso. Waache wakunje. Wakati wa kufunua, sukuma mbele mbili unazotumia na utenge tatu za mezani, ili kila mtu aone.

Hatua ya 6: Stadi ya karata saba

Hapa hakuna karata za wote, hakuna flopu, na hakuna madau mawili ya lazima. Kila mtu ana zake, baadhi wazi na baadhi siri. Wachezaji wasizidi wanane. Wanane mara saba ni karata 56 na pakiti ina 52, ila kwa kawaida wengine hujitoa mapema. Pakiti isipotosha mwishoni, karata moja hufunuliwa katikati ya meza na kuwa ya saba kwa wote.

Chukueni dau maalumu la 10 na 20, na kiingilio cha 2.

1. Kila mtu anapata mbili za siri na moja wazi.
2. Mwenye karata ya wazi ndogo kuliko zote analazimika kufungua, kwa mfano kwa 3. Zikilingana, hapa tu ndipo aina zinatumika: pau ni ya chini, kisha uru, kopa, na shupaza juu. Wanaofuata wanaweza kulipa 3, kuikamilisha iwe 10, au kujitoa.
3. Karata ya nne, wazi. Kuanzia sasa anaanza mwenye mkono mkubwa *unaoonekana*. Dau ni 10. Mtu akionyesha jozi, meza nyingi huruhusu dau la 20 mapema.
4. Karata ya tano, wazi. Dau linapanda hadi 20.
5. Karata ya sita, wazi. Dau 20.
6. Karata ya saba, siri. Dau 20, kisha kufunua. Mkono ni tano bora kati ya saba zako.

Kinachomshinda mtu wa Hold'em hapa ni zamu. Anatafuta alama ya mgawaji imwambie nani anaanza, na hapa haina kazi hiyo. Kila raundi, kabla ya dau, mgawaji atamke: "Jozi ya saba inaanza." Jambo la pili ni kumbukumbu. Karata zilizofunuliwa kisha zikatupwa hazirudi. Ukisubiri flashi ya uru na umeshaona uru tano zikipita kwa wengine, usijidanganye. Zikumbuke wakati zinatupwa, maana baadaye hakuna atakayekukumbusha.

Hatua ya 7: Michezo ya mkono wa chini

Kuna namna zaidi ya moja ya kuhesabu "chini", nazo hazielewani.

*Razz* inagawiwa kama stadi ya karata saba, ila mkono mdogo ndio unashinda. Ree ni ndogo daima. Mfululizo na flashi havihesabiwi kabisa, kwa hiyo mkono bora ni 5-4-3-2-A. Soma kuanzia karata kubwa kushuka: 8-6-4-3-A inaishinda 8-7-3-2-A, kwa sababu nane zinalingana na 6 ni ndogo kuliko 7. Jozi ndizo zinazokuharibia. Ukiwa na K-K-8-6-4-3-A umepona, wafalme unawaacha na kubaki na 8-6-4-3-A. Ukiwa na K-K-8-8-4-3-A huna tano tofauti bila mfalme mmoja, na mkono wako ni K-8-4-3-A, dhaifu sana. Anayelazimika kufungua hapa ni mwenye karata ya wazi *kubwa* kuliko zote, na raundi zinazofuata anaanza mwenye mkono wa wazi mdogo.

*Mbili-kwa-saba ya kubadilisha mara tatu* inakwenda kinyume na hayo. Ree ni kubwa daima, na mfululizo na flashi vinakuharibia. Mkono bora ni 7-5-4-3-2 usio wa aina moja. 6-5-4-3-2 inapendeza macho lakini ni mfululizo, na mfululizo hapa ni mzigo. Kila mtu anapata tano za siri, kuna madau mawili ya lazima, na kuna kubadilisha mara tatu katikati ya raundi nne za dau.

*Badugi* nayo ina kubadilisha mara tatu, lakini mkono ni karata nne. Zote ziwe za namba tofauti na aina tofauti, na ziwe ndogo. Bora ni A-2-3-4 za aina nne. Zikigongana kwa namba au aina, moja haihesabiwi: ree ya kopa, 3 ya kopa, 5 ya uru na 9 ya pau ni mkono wa karata tatu, 9-5-A. Mkono wowote wa nne unaushinda wowote wa tatu.

Kama una muda wa kujifunza mmoja tu kati ya hii, chukua Razz, kwa kuwa hesabu yake ya chini inarudi kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Fungu la kugawana

*Omaha ya juu na chini* ni Omaha ya kawaida ambayo fungu lake linakatwa: nusu kwa mkono wa juu, nusu kwa wa chini. Chini huhesabiwa kama Razz, na kuna sharti: karata zote tano ziwe tofauti na zisizidi 8. Kwa kuwa lazima tatu zitoke mezani, meza isipokuwa na namba tatu tofauti za 8 au pungufu, hakuna chini, na wa juu anachukua fungu lote.

Unaruhusiwa kutumia mbili tofauti kwa kila upande. Una A-2-K-K na mezani pana 3-7-8-Q-Q. Chini: A-2 na 3-7-8. Juu: K-K na Q-Q-8, jozi mbili. Lakini 2 ingetokea mezani mahali pa 8, ile 2 ya mkononi ingefutwa upande wa chini, kwa sababu namba iliyojirudia haihesabiwi mara mbili.

Angalia pia robo. Wachezaji watatu wameweka 100 kila mmoja, fungu ni 300. Wewe na mwenzio mna chini ile ile. Wa juu anachukua 150, ninyi mnagawana 150, kila mmoja 75. Uliweka 100 ukarudi na 75: umeshinda na umepata hasara. Ndiyo maana kupandisha dau kwa sababu una A-2 peke yake ni haraka isiyo na faida. Chipu moja ikibaki isiyogawanyika kati ya pande mbili, huenda kwa mkono wa juu.

*Stadi ya juu na chini* ni mchanganyiko wa hatua ya 6 na sharti hili la nane. Kwa kuwa karata zote ni zako, unachagua tano zozote kwa kila upande.

Pakiti fupi

Hii ni Hold'em iliyotolewa 2, 3, 4 na 5 zote, zikabaki karata 36. Kila aina ina karata 9 tu, kwa hiyo flashi ni adimu: 480, dhidi ya fulhausi 1,728. Kwa sababu hiyo flashi inaishinda fulhausi. Ree inakaa mahali pa 5, na A-6-7-8-9 ni mfululizo wa chini kabisa. Baadhi ya meza huweka tatu sawa juu ya mfululizo, nyingine hapana, kwa hiyo uliza kabla ya karata ya kwanza kugawiwa. Ukiuliza baada ya kufunua, jibu litategemea nani ameshinda.

Kuchanganya

Mikono yote ikishakaa kichwani, jaribuni HORSE, mzunguko wa michezo mitano kwa mfuatano huu: Hold'em, Omaha ya juu na chini, Razz, stadi ya karata saba, na stadi ya juu na chini. Yote huchezwa kwa dau maalumu. Badilisheni kila alama inapomaliza kuizunguka meza. Hatari kubwa ni kutoka Razz kuingia stadi, kwa kuwa karata zinagawiwa sawasawa na mtu anaendelea kushangilia 2 na 3 wakati hazina thamani tena. Andikeni majina ya michezo kwenye vipande vitano vya karatasi ngumu, na kilicho juu kikae katikati ya meza. Kila mchezo unapobadilika, mgawaji asome jina kwa sauti, ataje nani analazimika kufungua, ndipo agawe.